Gia ya Pili Kwenye Kilima cha Kinu

Sene 29

Mlio ninaoukumbuka kuliko sauti ya mtu yeyote ni wa gia ya pili. Mmmmmm, mnene, wenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Ulianzia kwenye kinu cha kusagia nafaka ya teff, pale barabara ya Gulele inapopinda, ukapanda kilima hadi langoni kwetu. Emaye, mama yetu, aliusikia kabla yetu sote. Aliweka kisu chini akasema, "Baba yenu yuko kwenye kinu," kisha akapakua. Chakula na Abaye vilifika mezani pamoja. Sikuwahi kuona mchuzi wa baba yangu ukipoa.

Emaye alifariki zamani kidogo sasa. Volksi yetu ya mgongo wa kobe iko uani chini ya turubai tangu siku ile Abaye alipokwenda kununua mkate, akarudishwa jioni na polisi wa mtaa ambao hata hatuna jamaa huko. Yeye, aliyepima barabara za nchi hii kwa mnyororo na darubini mpaka viatu vikamwishia miguuni, hakujua njia ya kwake. Dada yake, Etye Askale, alihamia kwetu wiki hiyohiyo na kuuficha ufunguo wa gari kwenye kopo la chumvi.

Shule imefungwa. Wanafunzi wangu wa kemia wameondoka na mvua imeshika zamu. Nimeamua kuitengeneza Volksi yote, ndani na nje, nimkabidhi Abaye siku ya Mwaka Mpya wetu, Meskerem mosi, mvua zinapoisha. Nataka akae ndani yake na aijue, wakati bado anajua vitu. Sina sababu nyingine.

Hamle 4

Tumeisukuma hadi gereji ya fundi Gash Mekuria. Ni mteremko mtupu, namshukuru Mungu. Etye Askale alisimama langoni na mwavuli, akatuaga kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Wenzako wanatafuta wachumba, wewe unatafuta bampa!"

"Bampa haliniulizi nimepika nini, Etye."

"Wala halitakuzalia!"

Abaye alitembea kando ya gari njia nzima, mkono juu ya paa, kama mtu anayempeleka ng'ombe malishoni. Gerejini alimshika Gash Mekuria bega. "Usimchokoze sana. Ni mzee mwenzangu." Leo alimjua kila mtu.

Hamle 7

Mvua.

Hamle 10

Mvua. Abaye ameniuliza mara mbili kama Emaye amerudi kutoka sokoni. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli. Ya pili nilisema bado.

Hamle 16

Gash Mekuria ni mtu mkubwa mwenye kofia ya sufu anayoivaa hata akiwa chini ya gari. Anaongea na magari kwa upole na wenye magari kwa ukali. Siti zimeshonwa upya. Bampa zimenyooshwa. Leo tulichagua rangi. Ile ya zamani ilikuwa imepauka mpaka ikawa kama maziwa yaliyodondokewa na wino, lakini tulipobandua mpira wa mlango tuliikuta rangi yenyewe ilivyotoka kiwandani: bluu kali, inayocheka.

"Hiyo," nilisema.

"Hiyo," alikubali. "Tumrudishe ujanani."

Nilirudi nyumbani nimeloa, nikiwa na furaha ambayo sikumwambia mtu.

Hamle 19

Sikukuu ya Gabrieli. Etye Askale alikwenda kanisani mbio na viatu vya Abaye mkononi, kwa sababu mzee alikuwa ametangulia pekupeku. Sikuwahi kumwona Etye akikimbia. Nilidhani ni mwanamke wa maneno tu.

Hamle 24

Giaboksi limefunguliwa. Gash Mekuria alinisogeza karibu na meza yake, akazipangusa gia kwa kitambaa, akaziweka moja moja.

"Ya kwanza, sawa. Ya tatu, tazama, kama imetoka dukani jana. Ya nne, safi. Sasa tazama hii."

Gia ya pili ilikuwa imelika. Haikuvunjika, haikupasuka, lakini meno yake yalikuwa membamba na yanang'aa kama kijiko kilichorithiwa.

"Hii ndiyo inayolia," alisema. "Swali langu ni moja. Baba yako alikuwa hajui kama kuna gia ya tatu? Maana gari la kilima hula gia ya kwanza na ya pili pamoja. Hili limekula ya pili peke yake."

"Alikuwa dereva mzuri."

"Ndiyo maana nauliza."

"Lakini inafanya kazi?"

"Inafanya. Hata mimi goti langu linafanya kazi." Akapiga goti. "Ila sikiliza, binti. Tumbo likishapasuliwa, daktari hashoni na kuacha kitu anachokitilia shaka. Tafuta gia mpya. Kufungua tena ni kazi ya wiki."

Amesema kweli. Nimempigia kaka yangu Surafel huko Stuttgart. Alisema, "Niambie mwaka tu, Mekli, nitaituma." Surafel ndivyo alivyo: hana muda wa kuzungumza, ana muda wa kutuma. Nilimwambia ni ya mwaka hamsini na nane.

Nehase 1

Mfungo wa Bikira umeanza. Shiro, mchuzi wa unga wa dengu.

Nehase 3

Shiro. Mvua ya mawe. Gerejini paa linavuja mahali papya.

Nehase 7

Kifurushi kimefika, kimeletwa na mama mmoja aliyetoka Ujerumani kwa ajili ya msiba. Nilikikimbiza gerejini chini ya koti. Abaye alitaka twende wote. Gash Mekuria aliishika gia mpya, akaigeuza, akaipima na ile ya zamani, akaniangalia.

"Hii ni ya gari gani?"

"Ya hili."

"Hii haiingii hapa hata ukiibembeleza kwa nyimbo."

Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu muuzaji, na Surafel, na Wajerumani wote, Abaye akasema kutoka kwenye kibao alichokalia, "Mlimwambia mwaka gani?"

"Hamsini na nane, Abaye."

"Hamsini na nane ya nani? Yetu au yao?"

 Kisha Gash Mekuria akaanza kucheka mpaka kofia ikaanguka. Gari letu liliandikishwa hamsini na nane yetu. Kwa kalenda ya huko alikoishi Surafel miaka yote hii, iliyo mbele ya yetu kwa miaka kama minane, ilikuwa tayari sitini na sita. Alikuwa ametununulia gia ya gari lililozaliwa miaka minane kabla ya letu.

"Kumbe kijana wetu ameshakuwa mzungu," Abaye alisema, akipangusa machozi ya kicheko. "Anahesabu kama wao!"

Usiku huo nilimpigia Surafel. Akasema, "Kweli Abaye ndiye aliyegundua?" Nikasema ndiye. Akaniomba nimweleze tena alivyosema, neno kwa neno, na nilipofika kwenye "hamsini na nane ya nani" niligundua kwamba kaka yangu analia. Ataagiza nyingine.

Nehase 13

Buhe, sikukuu ya wavulana kuimba milangoni. Siku hii lazima niiandike yote.

Asubuhi wavulana walikuja langoni na fimbo zao, wakaimba wakipiga fimbo chini, na Abaye mwenyewe akatoka kuwagawia mkate. Aliwatania, akawaambia wimbo wao umepungua maneno, akawafundisha beti mbili za utoto wake. Etye Askale alinikonyeza. Nilidhani siku kama hii haipotezwi. Volksi ilikuwa imepakwa rangi juzi, imekauka, taa zake mpya zimewekwa. Giaboksi bado lilikuwa mezani, lakini kwa macho gari lilikuwa tayari. Nikasema, "Abaye, twende nikuonyeshe kitu."

Gash Mekuria alikuwa amelifunika kwa shuka. Aliivuta shuka kwa mbwembwe kama bwana harusi. Bluu ile iliwaka ndani ya gereji lenye giza. Hata mvua nje ilionekana kusimama kutazama.

Abaye alilizunguka polepole. Aligusa taa. Akapitisha kidole kwenye bampa.

"Gari zuri," alisema. "La nani?"

"Lako, Abaye."

Alitabasamu kwa adabu, tabasamu analowapa wageni. "Hapana, mwanangu. Langu ni jeupejeupe. Lina kovu hapa." Akaweka kiganja mlangoni, mahali hasa palipokuwa na kovu, mahali ambapo Gash Mekuria alikuwa amepanyoosha na kupapiga msasa mpaka hapajulikani. Kiganja kilikaa pale muda. "Langu liko wapi?"

"Ndilo hili, Gashe, mzee wangu," Mekuria alisema. "Tumemnawisha uso tu."

"Langu liko wapi?" Sasa sauti ilipanda. Alitazama nyuma ya mapipa, akainua turubai kwenye kona, akatoka nje kwenye mvua na kutazama barabara juu na chini. "Mmeliuza? Meklit, umeliuza gari la mama yako?"

La mama yako. Hakuwahi kuliita hivyo.

Tulimrudisha nyumbani nimemshika mkono huu na Mekuria ule, naye alikuwa akijaribu kututoroka kwa adabu, kama mtu aliyekosea harusi ya kuhudhuria. Etye Askale alimvua koti, akamkausha nywele, akamwimbia kitu. Kisha akaja jikoni nilipokuwa nimesimama na kunitazama. Nilijiandaa kwa ulimi wake.

"Ulitaka kumfurahisha," alisema.

"Nimemwibia, Etye. Kila kitu nilichokirekebisha ndicho alichokuwa akikijua."

"Nife mimi kabla yako, nyamaza. Kula." Akanisukumia sahani.

Nimetumia mvua nzima kufuta alama zake moja moja na nikaita kazi hiyo upendo. Sasa lililobaki ni "gari zuri, la nani?"

Nehase 14

"Mmeliuza gari langu?"

Nehase 15

"Mmeliuza gari langu?" Nimesema hapana. Ameniambia nisiogope, ataelewa kama shida ilikuwa kubwa.

Nehase 18

Mfungo umekwisha. Etye amepika kuku. Abaye amekula vizuri, kisha ameuliza.

Nehase 21

Nilimwomba Gash Mekuria arudishe usukani wa zamani, ule wenye nyufa. Amerudisha. Nikamwuliza kuhusu siti. Ngozi ya zamani ilishatupwa.

"Unataka nikwangue na rangi?" alisema. "Nimpige nyundo mlangoni? Sema tu, nyundo ninayo."

Nilicheka, kisha sikucheka. Akaweka spana chini. "Baba yangu alimsahau mama yangu kabla hajanisahau mimi," alisema. "Sikuwa na gari la kutengeneza. Wewe una kitu cha kushika." Akarudi chini ya lori la mtu.

Nehase 26

Mvua. "Mmeliuza gari langu?"

Pagume 1

Mwezi wetu mfupi umeanza. Shimo la gereji limejaa maji mpaka vyura wamehamia. Gash Mekuria amelifunga giaboksi na gia ile ile ya zamani ili apate kulitoa gari humo. "Likae kwako mpaka ya Surafel ifike. Ikifika tutalifungua tena, nitalalamika, utanivumilia."

Pagume 3

Siku ya Rufaeli, mvua ya leo ni baraka, na ilikuja kama iliyoitwa. Watoto wa mtaa walivua nguo na kuruka uani. Abaye na Etye Askale walikuwa wamekwenda kanisani tangu alfajiri. Maji yalipozidi nikachukua ufunguo kwenye kopo la chumvi, nikaichukua Volksi na kuwafuata.

Walikuwa chini ya ukuta wa kanisa, wameloa, shamma zao, zile shuka nyeupe za pamba, zimeganda mabegani. Abaye aliliona gari la bluu likisimama akainua mkono kama anayeita teksi. Etye alifungua kinywa, nikamtikisia kichwa. Akaingia nyuma kimya. Abaye alikaa mbele kando yangu, akafunga mlango kwa uangalifu.

"Dereva, Mungu akulipe. Tushushe kwenye kinu. Nauli kiasi gani?"

"Leo bure, Gashe. Siku ya Rufaeli."

"Biashara gani hiyo?" alisema, na Etye Askale akakohoa nyuma.

Tulikwenda bondeni. Vioo vilijaa ukungu. Tukaanza kupanda. Kwenye kinu barabara inapopinda nikaingiza gia ya pili, na gari likaanza kuimba.

Mmmmmm.

Sikumtazama. Niliogopa kumtazama. Baada ya kinu kilima hulegea kidogo na gia ya tatu inatosha kabisa, kila dereva anajua, hivyo nikakanyaga klachi nibadilishe. Mkono wa Abaye ukaja juu ya wangu kwenye kirungu cha gia. Mkono mzito, wenye joto.

"Bado. Acha hapo hapo."

"Inaumia, Abaye." Nilisahau kwamba nilikuwa dereva wa kukodi.

"Acha iumie kidogo. Anasikiliza."

"Nani?"

"Mama yako, nani mwingine? Nikibadilisha hapa hanisikii. Nitafika chakula hakijapakuliwa, ataona aibu." Akaubana mkono wangu usisogee. "Shikilia mpaka kwa fundi viatu. Hapo ndipo huanza kupakua."

Nikashikilia. Gari lililia kilima kizima, na kwa mara ya kwanza niliusikia mlio ule kutoka ndani, mahali alipousikia yeye kila jioni ya maisha yangu. Ulikuwa salamu. Meno yale membamba mezani kwa Mekuria yalilika kwa salamu.

Mbele ya duka la fundi viatu aliniachia mkono. Akatazama ndani ya gari, usukani wenye nyufa, siti, dirisha. Akapapasa dashibodi kama shingo ya punda.

"Maskini," alisema. "Nani kampaka rangi mbaya hivi?"

Nyuma Etye Askale alikuwa amejifunika uso kwa shamma.

Pagume 5

Gia ya pili imefika, ya mwaka sahihi, imekuja kwenye begi la mwanafunzi. Gash Mekuria ameijaribu mkononi, akaibusu. "Hii ndiyo. Nipe wiki."

Nilimweleza habari ya kinu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya tairi.

"Sasa ninaelewa ile ya tatu," alisema. Halafu akawa mkali tena, na namshukuru kwa hilo. "Lakini sikiliza nikwambie kama fundi. Gia hiyo inaweza kukaa miaka mitano, au ikaisha sikukuu hii ya Meskeli. Na jino likikatika halikatiki peke yake, linaondoka na giaboksi zima. Wewe uko kilimani, mvua inanyesha, mzee yuko ndani."

"Litaonya kwanza?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Litabadilisha sauti. Litaanza kugonga. Mtu anayelijua atasikia."

"Nalijua tangu nikiwa mtoto."

"Kujua nyumbani jikoni si kujua kwenye usukani."

Ni kweli. Nimetembea kurudi nikiwa na gia mpya kwenye begi, nzito, nzuri, haina kosa lolote. Ikiwekwa, gari litapanda Gulele kimya na salama, na Abaye atakaa ndani yake kama mtu aliyepewa lifti. Isipowekwa, ninakubali kusikiliza kwa hofu kila siku. Na hata mlio huu iko siku hataujua. Nalijua hilo. Nimejiuliza kama ninamwokoa yeye au ninajiokoa mimi, nikaona swali hilo linaweza kula mtu Pagume nzima, na Pagume ina siku tano tu.

Surafel amepiga. Nilimweleza. Hakusema habari ya gharama wala usalama. Alisema, "Bado inalia?" Nikasema inalia. "Vile vile?" Vile vile.  "Nikiusikia, nilikuwa nakimbilia kuficha viatu vyake vya nyumbani," alisema, "ili anitafute." Sikuwa nikijua. Miaka yote nilidhani ni mimi tu niliyeusubiri mlio ule.

Meskerem 2

Mvua imepungua. Juu ya Gulele maua ya njano yametoka, na jana, Mwaka Mpya, wasichana walituimbia langoni mpaka Abaye akamaliza sarafu zake zote.

Nimeshafanya. Nilimwambia Gash Mekuria kuwa giaboksi halifunguliwi. Aligomba, akamwaga oili ya zamani, akaweka nzito zaidi, akagomba tena. Kisha tumekubaliana: nikipita gerejini kila mwisho wa mwezi atakaa mbele kando yangu hadi juu ya kilima, sikio lake na langu, na siku mmoja wetu akisikia kugonga, hakuna ubishi, inatoka. Gia mpya iko kwenye droo ya chini pamoja na vikombe vya kahawa vya Emaye, imefungwa kitambaa chenye oili.

Leo jioni tulitoka gerejini mimi na Abaye. Njiani aliniuliza kama nimeolewa, akasikitika, akaniambia anaye binti mzuri sana anayefundisha kemia, angefaa kunitafutia mtu. Kwenye kinu niliingiza gia ya pili. Kilima kikalegea. Aliniangalia mkono.

Sikubadilisha.

Lango lilikuwa wazi tulipofika, na Etye Askale, ambaye hudai siku hizi masikio yake hayafai kitu, alikuwa ameshapakua.